Bonané: safari ya kazi iwe pia safari ya jamaa

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama wa nyumba,

Mwezi wa kumi na mbili ukifika, sauti ya nyundo inapungua milimani. Rubaya, Ngungu, hata kule Walikale, ni wakati wa mahesabu. PDG wa shimo anahesabu na watu wake, wanunuzi wanalipa madeni, wengine wanakimbia madeni. Kisha watu wanashuka. Mumoja yuko na mali kidogo ndani ya kifuko, mwingine yuko na karatasi ya deni tu. Wote wanaenda Goma ao Minova kulipwa, na kununua mafuta, mchele na nguo za watoto. Hiyo ni safari ya kazi, na hatuna neno juu yake.

Neno letu ni juu ya namna ya kurudi. Kila mwaka tunaona jambo lile lile. Baba anaondoka nyumbani peke yake siku ya posho, anasema: « Nitarudi kesho. » Analipwa vizuri. Jioni anakutana na wenzake ndani ya nganda, chupa zinajaa meza, kila mutu anataka kuonyesha kama yeye pia ni mutu. Siku tatu zinapita. Akirudi, kichwa kinamuuma, mufuko umekauka, na watoto wanatazama mikono yake. Mama hasemi kitu juu wageni wako nyumbani. Anasema usiku.

Tusidanganyane: wengi wetu tumekuwa baba huyo. Na hatusemi mutu asifurahi. Mutu anayekaa miezi chini ya udongo, anayejua kama mvua moja inaweza kubomoa kilima juu yake, ana haki ya kufurahi kuliko wote. Tunauliza tu: furaha ile, juu ya nini aifanye mbali na wale anaowachimbia?

Tazameni wageni wanaokuja Goma kwa kazi, wale wa mashirika na wale wa biashara. Wanafanya mikutano yao mpaka siku ya tano. Siku ya posho utawaona kando ya ziwa, wanaogelea, wanakimbia kwa miguu, wanapiga picha. Kulikuwa wakati wazungu walilipa mamia ya dola kupanda Nyiragongo na kuchungulia moto wake. Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ni ya zamani kuliko mbuga zote za taifa katika Afrika, na watu walitoka ngambo ya bahari kuiona. Sisi tunapita chini ya mlima ule ule na magunia kichwani, hatuinui macho. Mutoto wetu anajua jina la mji wa Paris, lakini hajaona sambaza ikitolewa majini.

Sasa tufikirie njia yenyewe. Mutu akishuka kutoka Mushaki anafika Sake, na pale njia inagawanyika. Kushoto ni Goma, kilometa 27. Kuume ni Kirotshe, na mbele yake Minova, ziwa likikufuata pembeni. Shauri letu kwa baba wa Masisi ni hili: usiende peke yako. Shuka na bibi yako na mutoto mumoja ao wawili, uwaache Kirotshe kwa ndugu ao rafiki, kisha wewe uendelee na mahesabu yako. Ukiisha kulipwa, unajua kuna watu wanakungoja kando ya maji. Hiyo peke yake inafunga mulango wa nganda vizuri kuliko mahubiri.

Na ukirudi kwao, toa siku moja. Siku moja tu! Asubuhi mwende pwani mutazame wavuvi wakirudi, na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja na miti mirefu. Mununue sambaza za moto, mukae kwenye majani. Mutoto akuulize maji yanaishia wapi, umuonyeshe milima ya Idjwi kule mbali. Usiku, mawingu yakifunguka, mutatafuta pamoja mwangaza mwekundu wa Nyiragongo juu ya anga. Tuseme mutu amelipwa dola 100. Siku namna hii haimalizi hata kile ambacho usiku mumoja wa nganda unameza. Lakini kwanza, mbele ya yote, feza ya nyumba na ya masomo iingie mikononi mwa mama. Utalii unafuata nyuma ya unga.

Kisha kuna mupira. Bonané bila mupira si Bonané. Tarehe moja ya mwezi wa kwanza, kila kijiji kinatafuta uwanja. Wachimbaji wapange timu yao, wavuvi yao, walimu na wauguzi wa hospitali ya Kirotshe yao, wamotari yao. Mama nao wasibaki kupika tu: kama wasichana wanataka kucheza, wapewe uwanja kwanza. Kikombe kiwe mbuzi, wala tusiweke feza juu ya matokeo, maana pale ndipo ugomvi unazaliwa. Na kama kazi yako inakupeleka Goma siku ambayo DC Virunga ao Dauphins Noirs wanacheza katika Stade de l'Unité, nunua tikiti mbili, moja yako na moja ya kijana wako. Atakumbuka siku ile mpaka uzee.

Watu wa migodi na mupira ni ndugu tangu zamani. Lubumbashi, muji wa shaba, umelea TP Mazembe na Lupopo, timu zote mbili zilizoanzishwa mwaka 1939. Mwaka 2010 Mazembe ilifika mpaka fainali ya kombe la dunia la vilabu kule Abu Dhabi, timu ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo. Si kusema Kirotshe itafika Abu Dhabi. Tunasema kijana anayekimbia nyuma ya mupira mwezi wa kwanza, mapafu yake yanapumua kitu kingine kuliko vumbi ya shimo.

Lakini, ndugu, safari ya furaha isigeuke matanga. Tuko na maonyo matatu.

La kwanza ni ziwa. Mwaka 2024 mapigano yalikata njia ya Goma na Minova, watu na mizigo wote wakahamia majini. Tarehe 3 mwezi wa kumi, bato Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, imejaa kupita kiasi, watu wa inchi kavu wanatazama. Wafu walihesabiwa kwa makumi. Wengi walikuwa wachuuzi, watu wa safari ya kazi kama wewe. Ukiona bato imejaa, shuka, hata kama umelipa. Omba gilet, ile koti ya kuelea, kwa kila mutoto. Safiri mchana. Deni linaweza kungoja siku mbili. Ziwa haliregeshi mutu.

La pili ni mazuku, hewa mbaya inayotoka chini ya udongo, kati ya Goma na Sake zaidi, kando ya ziwa. Haina rangi. Ni nzito, inalala ndani ya mabonde madogo na mashimo, asubuhi na jioni wakati hakuna upepo. Mutoto anayeinama kuokota mupira pale anaweza asisimame tena. Mukiona ndege ao wadudu wamekufa chini, ondokeni. Uwanja wa watoto uwe mahali pa juu, na wenyeji waulizwe kwanza.

La tatu ni vita. Tunajua kama kuna miaka ambayo njia haifunguki, na vizuizi vinakula feza kuliko nganda. Mwaka kama ule, mutu asijifanye mwanaume mbele ya risasi. Abaki kijijini, ampeleke mutoto juu ya kilima cha nyumba yao, amuonyeshe malisho ya Masisi na ng'ombe zake. Milima hii pia watu wengine wangelipa kuiona.

Koltani yetu inasafiri mbali sana, ndani ya simu za watu tusiowajua. Inaona miji ambayo sisi hatutaiona. Basi yule aliyeitoa udongoni, naye asafiri kidogo na wale wake, kilometa chache tu, mpaka kwenye maji ya Kirotshe. Mwaka mupya ukifunguka, mutoto aweze kusema shuleni: « Siku ile, baba alikuwa pamoja na sisi. »

Bonané kwenu wote, na mashimo yawaregeshe salama.