Ndama na Maziwa ya Kwanza



Ng'ombe amezaa usiku. Alfajiri mwenye zizi aenda kumtazama, amkuta ndama amesimama, macho yaking'aa. Afurahi, arudi zake nyumbani. Kumbe ndama hajanyonya! Jioni amkuta amelala ubavu, masikio ya baridi, na majirani waulizana ni nani mwenye jicho baya. Hakuna jicho baya hapo. Kuna saa zilizopotea. Tutazame basi yanayotendeka ndani ya mwili wa ndama katika saa hizo.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo itoayo homoni ya ukuaji. Homoni ni kama mjumbe: husafiri katika damu na kupeleka amri. Huyu huamuru misuli ijengwe, mafuta ya akiba yavunjwe yatoe nguvu, na sukari ya damu isitumiwe ovyo. Kazi hiyo yote ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nguvu na nyama huitwa umetaboli. Lakini mjumbe huyu hafanyi yote peke yake. Hupeleka amri kwenye ini, nalo ini hutoa mjumbe wa pili, aitwaye IGF-I, ahimizaye mifupa na misuli kukua.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Katika damu ya ndama mchanga homoni ya ukuaji ni nyingi, lakini IGF-I ni kidogo. Kwa nini? Kwa sababu ini lake bado lina milango michache ya kuipokelea homoni hiyo. Mjumbe apiga hodi, lakini wa kumfungulia ni wachache.

Je, tumwongezee ndama homoni kwa sindano? Mwaka 1997 wataalamu Hammon na Blum, wa Bern katika nchi ya Uswisi, walitangaza majaribio yao juu ya ndama wachanga. Waliona kwamba njia hii ya wajumbe imekwisha kuanza kazi tangu siku za kwanza, na kwamba si homoni ya sindano tu iwezayo kuisukuma: chakula nacho huisukuma. Basi mfugaji hana haja ya kwenda mbali. Dawa imo katika kiwele.

Maziwa ya kwanza, yaani dang'a, ni mazito na ya manjano. Yana mafuta na protini nyingi, tena yana insulini na IGF-I kuliko maziwa ya baadaye. Hukomaza matumbo, na ndama aliyeyanywa hufyonza sukari vizuri zaidi. Tena yana kinga za magonjwa, ambazo ndama hakuzipata tumboni mwa mama yake. Lakini mlango wa kinga hizo katika matumbo huanza kujifunga mapema, na baada ya saa 24 hivi umekwisha kufungwa. Wakati huo huo akiba ndogo ya sukari aliyozaliwa nayo yazidi kupungua.

Kwa hiyo shika mashauri haya:

1. Ndama anyonye mara awezapo kusimama. Akishindwa, kamua mama yake, umnyweshe kwa chupa safi, maziwa yakiwa na joto la mwili.

2. Katika saa 6 za kwanza apate sehemu ya kumi ya uzito wake. Ndama wa kilo 25 apate lita 2 na nusu.

3. Dang'a usiimwage wala usiiuze. Ni mali ya ndama.

4. Mkaushe ndama na umweke pasipo upepo, asiteketeze nguvu zake kwa kutafuta joto.

Azaliwe Bern au azaliwe katika malisho ya Masisi, saa za ndama ni zile zile. Wazee walisema: chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Na ndama vivyo hivyo.