Tusisimamishe Kazi kwa Nguvu

Wako wenzetu wanaojifunza kuandika programu za kompyuta kwa Java, nao husema kwamba uzi wa kazi ukienda kombo dawa yake ni kuugandisha papo hapo. Mimi sikubaliani nao, na naomba nafasi nieleze sababu.

Programu moja huweza kufanya kazi nyingi kwa pamoja, na kila mkondo wa kazi huitwa uzi. Nyuzi hutumia kumbukumbu moja, kama wapishi wa jiko moja. Uzi unaotaka kugusa kitu cha wote hushika kufuli kwanza. Ukiugandisha ungali umeshika kufuli, wengine watangoja. Na ikiwa uzi utakaouamsha nao unahitaji kufuli hiyo hiyo, basi zote zitangoja milele. Ndiyo maana tangu mwaka 1998 wenye Java waliwaonya watu wasitumie amri za kugandisha na kukatiza nyuzi. Katika toleo la 20, mwaka 2023, amri hizo ziliacha kufanya kazi: ukiziita, hupati ila kosa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Java huanza kwa kufuata amri moja moja, kisha sehemu zinazotumika sana huzitafsiri kuwa lugha ya mashine wakati programu inaendelea. Mfasiri huyo hupata kasi kwa kukisia. Makisio yakibatilika, tafsiri hutupwa na uzi hurudishwa katika njia ya kwanza. Lakini utarudije, ikiwa haijulikani vitu vyake viko wapi? Mfasiri huandika ramani kwa vituo maalum tu. Uzi ukikamatwa katikati ya vituo, ramani hakuna.

Kwa hiyo mashine haikamati uzi; hutoa ishara. Kila uzi huitazama ufikapo kituoni, kama vile mwisho wa mzunguko au wakati wa kutoka katika kazi ndogo, na hapo husimama wenyewe. Ni kama kengele ya shule: aliyebeba sufuria ya uji wa moto haiachi ngazini, bali huifikisha mezani kwanza.

Najua nitajibiwa kwamba kutazama ishara hupoteza wakati, na kwamba uzi mmoja ulio katika mzunguko mrefu huwachelewesha wote. Ni kweli. Lakini tazameni dawa iliyotolewa mwaka 2018 katika toleo la 10: mizunguko mirefu iliweza kugawanywa vipande, na mashine ikaweza kuusimamisha uzi mmoja bila kuzisimamisha zote. Vituo viliongezwa, nguvu haikuongezwa.

Basi nashauri kwamba kila mwanafunzi anayeandika uzi aonyeshe pia mahali utakapotazama ishara na kusimama. Nanyi walimu, tafadhali mtupe alama kwa hilo, si kwa kasi peke yake. Programu isiyojua kusimama haijakamilika.