Tumelinda Mwiko, Tumetupa Fungu



Katika mikutano ya utamaduni hapa kwetu Nyangezi kuna methali moja ambayo haikosi: mwacha mila ni mtumwa. Mzee mmoja anaisema, wote tunapiga makofi, mkutano unafungwa. Halafu, kama ni siku ambayo makuta imepatikana, wanaume wale wale tunashuka kando ya barabara inayokwenda Kamanyola, kwenye mbabula za nyama. Tunaagiza vijiti vya brosheti ya mbuzi, pilipili, ndizi za kuchoma na chupa za Primus. Tunakaa mpaka usiku. Nyumbani mama na watoto wamekwisha kula bugali na lengalenga, wamelala. Ukiuliza kwa nini mama wa nyumba hakuja naye kula, jibu liko tayari: "Mwalimu, banamuke ba kwetu habakulake mbuzi. Ni desturi."

Juu ya jibu hilo nataka kusema leo, na sitasema kwa upole. Jibu hilo ni nusu ya desturi, na nusu ya desturi ni uongo.

Kwanza tukubali lililo kweli. Mwiko huo ulikuwepo. Nyanya yangu, mama wa baba, hakuonja mbuzi maisha yake yote, wala kuku, wala mayai. Ng'ambo ya Ruzizi, katika Rwanda, mwiko wa mbuzi ulijulikana pia, na wasichana waliambiwa kwamba anayekula mbuzi ataota ndevu. Mimi siwacheki wazee wale. Lakini nauliza: desturi ile ya nyama ilikuwa na mwiko peke yake? Hapana. Ilikuwa na mwiko, na ilikuwa na fungu.

Nilipokuwa mtoto, hatukuchinja mbuzi kila juma. Mbuzi alichinjwa kwa sababu: mgeni mkubwa amefika, posa inazungumzwa, kuna kilio ao furaha. Nyama ilichomwa nje, uani, na wanaume walikaa kuzunguka moto, ndiyo. Lakini kabla hata mmoja hajashiba, wazee walikuwa wamekwisha kugawa. Fungu hili la shangazi, fungu hili la baba mkubwa, hili la jirani aliyesaidia kulima. Sisi watoto tulitumwa kwenye vilima na vifurushi vya majani ya migomba, na ole wako uchelewe njiani. Na mama asiyekula mbuzi hakuachwa mikono mitupu. Nyanya yangu alikuwa na maziwa yake na mashanza yake, na hakuna mwanaume aliyethubutu kuigusa mitungi ile bila kumwomba. Mwanaume aliyekula peke yake alikuwa na jina baya, na jina hilo lilimfuata mpaka siku watoto wake walipotaka kuoa.

Sasa angalieni tulichofanya sisi wasomi wa leo. Tumechukua mwiko, ambao hautugharimu kitu, tumeulinda kama yai. Tumechukua fungu, ambalo linagharimu, tumelitupa. Maziwa hayapo tena, kwa maana ng'ombe wengi waliporwa na kuliwa katika miaka ya vita tangu 1996. Mashanza imekuwa kitu cha kununua. Kwa hiyo mama amebaki na katazo tupu, bila kile kilichokuwa kinamlipa. Hiyo si mila ya Bashi. Ni mwanaume kujipendelea na kuvaa nguo ya mila.

Kuna watakaosema: Mwalimu anakuza kitu kidogo, ni vijiti vitatu tu vya nyama. Basi wanisikilize. Katika Bushi tunalo neno bwaki, na kila mama anajua maana yake: mtoto amevimba miguu, nywele zimegeuka rangi, uso umenuna, hataki kucheza. Mji mzima wa wataalamu ulijengwa Lwiro, kule Kabare, na katika miaka ya 1960 waganga kutoka Ubelgiji walichunguza pale ugonjwa huo kwa watoto wa vilima vyetu. Bukavu ilipata hata shirika lililoitwa Comité Anti-Bwaki. Walichokiona kinaeleweka kwa kila mzazi: mtoto aliyeachishwa ziwa, akalishwa bugali ya muhogo siku zote bila nyama, bila samaki, bila maziwa, bila maharagi ya kutosha. Sisemi kwamba brosheti ndiyo ilileta bwaki. Mashamba ni madogo, magonjwa ni mengi, vita imetuhamisha. Lakini katika nyumba ambamo nyama ni chache, swali la nani anaila si kitu kidogo. Ndilo swali lenyewe.

Wengine upande wa pili, hasa wazee wa dini na baadhi ya wenzangu walimu, wanasema kosa ni kula nje. Wanataka mbabula za barabarani zifungwe, eti ni desturi ya wageni. Na hao pia sikubaliani nao. Kijana anayechoma nyama pale anasomesha wadogo zake kwa moshi ule. Na kula nje kando ya moto si ugeni: wazee wetu waliokaa uani kuzunguka mbuzi walikula wapi?

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, anayefanya kazi Nairobi, alinieleza jinsi alivyoalikwa katika restora ya Wakorea. Mimi nilidhani ataniambia juu ya vyakula vya ajabu. Lakini kilichomshangaza ni meza. Moto uko katikati ya meza, na nyama inaletwa mbichi, imekatwa vipande vyembamba. Kila mtu anachoma mbele ya wote, na ikiiva wanaikata kwa makasi. Kuzunguka moto kuna visahani vingi vya mboga na kabichi ya pilipili, navyo ni vya wote. Unachukua jani la saladi, unaweka nyama na kitunguu saumu ndani, unalikunja, unakula kwa mara moja. Na mara nyingine mtu anakunja jani na kulitia mdomoni mwa mwenzake aliye kando yake, kama alama ya upendo. Mkubwa wa umri ndiye anayeanza kula. Meza ya pili, akaniambia, kulikuwa na baba, mama, watoto wawili na nyanya yao, na baba ndiye aliyekuwa mpishi wa jioni ile.

Sitaki mtu aseme kwamba mwalimu anatutuma Korea. Hata kwao ugomvi uko: wafanyakazi wa ofisi huitwa na wakubwa wao kula na kunywa mpaka usiku, na jamaa zao nyumbani hunung'unika kama za kwetu. Lakini mfano wa meza ile unatufundisha jambo moja. Watu wanaweza kwenda restora, kulipa pesa, kuchoma nyama ya kisasa, na bado heshima ya mzee na fungu la mtoto vikabaki mezani. Mila haikupotea kwa sababu ya restora. Inapotea pale ambapo anayekula amewasahau wa kwake.

Nasikia na jibu la tatu, lile la hasira: "Ni mushahara yangu. Mimi ndiye mukubwa wa nyumba." Ni kweli, Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, hata baada ya kurekebishwa Julai 2016, inamwita mume mkubwa wa nyumba. Lakini mkubwa wa nyumba ni nani katika lugha yetu? Ni yule anayegawa. Anayekula kwanza na peke yake gizani, halafu anarudi akijipangusa mdomo, huyo hata kwa wazee wetu hakuwa mkubwa. Na mshahara wenyewe, nani asiyejua hali yake? Tangu vita ilipoingia Bukavu Februari 2025, na benki zikafunga milango, mama mwenye kikapu cha fretini sokoni ndiye amelisha nyumba nyingi za walimu. Siku makuta inapopatikana, tunamlipa kwa kumwambia kwamba mbuzi ni mwiko?

Tena kuna dhambi ambayo hatuisemi. Mama akionekana amekaa mchana kweupe kando ya mbabula na kijiti mkononi, tunamwitaje? Tunanong'ona kwamba ameharibika. Mumewe, aliyekaa hapo hapo mara ishirini, tunamwita mtu wa watu.

Msidhani naandika kama mtu msafi. Nilikuwa mteja mzuri. Usiku mmoja nilirudi, nikamkuta binti yangu mdogo bado macho. Alinikumbatia, akanusa koti langu, akasema: "Papa, uko unanuka nyama." Hakulaumu. Alikuwa anafurahia harufu. Mama yake alikaa kimya kando ya taa. Nilipiga hesabu usiku ule, kwa maana hesabu ndiyo kazi yangu: nilichokula na kunywa kingetosha nusu kilo ya nyama, na mafuta, na nyanya, na baki ya fretini ya kesho. Tuko sita nyumbani. Tangu siku ile sijakosa kwenda kwenye mbabula, hapana, bado nakwenda. Lakini siendi peke yangu, na nisipoweza kuwapeleka, narudi na fungu lao katika karatasi. Mara ya kwanza bibi yangu hakula. Mara ya pili alionja. Ndevu hazijaota.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. La kwanza, anayetaja mwiko wa mbuzi katika mkutano wetu ataje na fungu, ama anyamaze. La pili, wanaume tuache kuogopa kuonekana na bibi zetu na watoto wetu mahali pa nyama: tuwapeleke Jumapili mchana, tukae meza moja, na mwenye ulimi mrefu asemeshwe sisi, si wao. La tatu, chama chetu kikae na wazee waliobaki, akina mama kwanza, kiandike namna nyama ilivyogawanywa katika vilima vya Nyangezi: fungu gani la nani, na kwa sababu gani. Wale wanaokumbuka wanapungua kila mwaka. Wakienda wote, watatuachia mwiko peke yake, na sisi tutaendelea kuuita mila.

Mwacha mila ni mtumwa, sawa. Na anayechagua katika mila kile kinachomshibisha yeye tu, tumwite nani?