Mizani Iliyopunjwa: Funzo Kutoka Hospitali za Askari Wastaafu wa Marekani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, isomwapo Suratul-Mutaffifin, fikra za wengi wetu hukimbilia sokoni: kwa muuza mchele na kibaba chake, kwa muuza nyama na mizani yake. Lakini wanazuoni wetu hawakuliacha onyo lile sokoni peke yake. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kuwa Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) alimwambia mtu aliyekosa sala ya Alasiri kwamba amepunja, na Imam akaongeza kuwa kila jambo lina kutimizwa kwake na kupunjwa kwake. Basi hata siku zina mizani yake. Mgonjwa aliyesubiri siku 115, kisha karani akaandika kuwa amesubiri 24, amepunjwa siku 91 za maumivu yake. Huo si mfano wa kubuni. Ni jambo lililotokea katika taifa linalojigamba kuwa linawaenzi askari wake kuliko mataifa yote.

AHADI NA WALIOAHIDIWA

Mwezi Machi 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikielekea ukingoni, Rais Abraham Lincoln aliahidi kwamba taifa litamtunza aliyebeba mzigo wa vita, pamoja na mjane wake na yatima wake. Ahadi hiyo ikawa msingi. Mwaka 1930 iliundwa idara moja ya serikali ya kuwahudumia askari wastaafu, na mwaka 1989 ikapandishwa daraja ikawa wizara kamili. Leo wizara hiyo ina hospitali zipatazo 170 na zahanati zaidi ya 1,000, na walioandikishwa kutibiwa humo ni kiasi cha watu milioni 9.

Msomaji azingatie kwamba huko Marekani matibabu ya raia kwa sehemu kubwa hupitia bima na hospitali za watu binafsi. Hospitali hizi za askari wastaafu ni za serikali yenyewe: majengo ni yake na madaktari ni waajiriwa wake. Kwa hiyo zikisifiwa, serikali husifiwa, na zikilaumiwa, lawama haina mahali pengine pa kwenda.

SIKU 14 ZA KWENYE KARATASI

Mwaka 2011 wizara iliweka lengo kuwa mgonjwa asisubiri zaidi ya siku 14 kumwona daktari. Lengo lilikuwa jema. Lakini kutimizwa kwake kulifungamanishwa na tathmini ya kazi ya wakuu wa hospitali na tuzo zao za fedha, ilhali madaktari walikuwa wachache na wagonjwa wakizidi kumiminika: wazee wa vita vya Vietnam, na vijana waliorudi kutoka Iraq na Afghanistan.

Nini kilifanyika? Badala ya kufupishwa foleni, ilifupishwa hesabu. Mgonjwa alipoomba miadi, karani alitazama nafasi ya kwanza iliyo wazi, pengine miezi mitatu mbele, kisha akaandika kuwa siku hiyo ndiyo aliyoitaka mgonjwa mwenyewe. Kwa hesabu hiyo ikawa hakusubiri hata siku moja! Wengine majina yao yaliandikwa katika karatasi za pembeni na hayakuingizwa katika orodha rasmi, na asiyekuwamo katika orodha hahesabiki kuwa anasubiri.

Mambo yalifichuka mwaka 2014 katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, baada ya daktari aliyestaafu katika hospitali ya huko, Sam Foote, kupeleka malalamiko kwa Mkaguzi Mkuu wa wizara na kisha kwa vyombo vya habari. Mkaguzi Mkuu alichukua wagonjwa 226 wa kupigiwa mfano. Hospitali ilikuwa imetoa taarifa kuwa kwa wastani walisubiri siku 24. Yeye akakuta ni siku 115. Akakuta pia askari wastaafu 1,700 waliohitaji daktari lakini hawakuwamo katika orodha rasmi. Ukaguzi wa wizara wa nchi nzima, uliotangazwa Juni 2014, ulikuta watu zaidi ya 57,000 wakisubiri miadi yao ya kwanza kwa siku 90 au zaidi. Waziri, Jenerali mstaafu Eric Shinseki, alijiuzulu tarehe 30 Mei mwaka huo.

Miongoni mwa waliokuwa wakisubiri, wapo waliofariki. Mkaguzi alisema hakuweza kuthibitisha kwa yakini kuwa kuchelewa ndiko kulikowaua. Sisi hatutaongeza juu ya hilo, maana ajali ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini twasema: aliyekufa akiwa nje ya orodha amekufa amedhulumiwa, hata kama ajali yake ilikuwa imefika.

KHALIFA ALIYESIKIA MTOTO AKILIA

Turejee kwa Sayyidna Umar (r.a.). Yeye ndiye aliyeanzisha Diwani, daftari la kuwaandika wapiganaji na familia zao ili wapate haki zao kutoka Baitul-Mali. Naye aliweka masharti katika daftari lake: mtoto hakuandikiwa posho mpaka aachishwe ziwa. Ibn Sa'd amepokea kuwa usiku mmoja Khalifa alikuwa akilinda msafara wa wafanyabiashara uliotua Madina, akasikia mtoto akilia. Akamwendea mama yake akamwasa, akarudi mara ya pili, na mara ya tatu. Mama, hali ya kuwa hamjui anayesema naye, akamwambia kuwa anamlazimisha mtoto kuacha ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hawaandikii wanyonyao. Khalifa akasalisha Alfajiri akilia hata watu wasiweze kukipambanua kisomo chake. Kisha akatangaza kuwa kila mtoto azaliwaye ataandikiwa, na akaipeleka amri hiyo mikoani kote.

Ndugu zetu, zingatieni. Kosa la aina ile ile: kipimo kilichowekwa kwa nia njema kikawafanya watu watende dhara ili wakitimize. Tofauti iko kwa mwenye mamlaka. Umar (r.a.) alikwenda kwa miguu yake, usiku, akasikiliza kilio na wala hakusubiri taarifa. Wakuu wa Washington walizisoma namba walizoletewa, na namba zikawaambia kuwa mambo ni shwari.

TUSIWAPUNJE NA WAO

Hata hivyo uadilifu unatulazimisha tuseme la pili. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti ya RAND, katika tathmini iliyoagizwa kwa sheria, ilikuta kwamba katika vipimo vingi ubora wa matibabu ya hospitali hizo ulikuwa sawa na wa hospitali nyingine au uliuzidi, ingawa hospitali hadi hospitali zilitofautiana. Na katika miaka ya 1990, chini ya Dk. Kenneth Kizer, zilifanyiwa marekebisho makubwa, zikawa miongoni mwa za mwanzo kuweka majalada ya wagonjwa katika kompyuta. Aliyefanikiwa kufika kwa daktari, mara nyingi alitibiwa vyema. Dhuluma ilikuwa mlangoni.

Baada ya kashfa hiyo, sheria ya Agosti 2014 iliruhusu aliyengoja zaidi ya siku 30, au anayeishi zaidi ya maili 40 kutoka hospitali, atibiwe kwa watu binafsi kwa fedha za serikali. Mwaka 2018 mlango huo ukapanuliwa. Wako wanaotaka kwenda mbali zaidi, wakidai kuwa cha serikali hakiwezi kuwa kizuri. Sisi hatuafiki. Kilichoharibika Phoenix ni kwamba aliyepima ndiye aliyetuzwa kwa kipimo. Mfanyabiashara naye ana mizani. Ndiyo maana mafakihi wetu, akiwemo Imam al-Mawardi, waliiweka hisba kuwa kazi ya kusimamiwa: muhtasibu hangoji kuletewa mashtaka, bali huizungukia mizani yeye mwenyewe.

WATAKAOULIZA: YATUHUSU NINI?

Yuko atakayesema: hawa ndio waliowapiga ndugu zetu wa Iraq na Afghanistan; wakipunjwa na serikali yao, yatuhusu nini? Tunamjibu kwamba Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Suratul-Maida, aya ya 8, ametukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Tunavilaani vita vile, na tunaikataa dhuluma hii pia. Moyo wa Muislamu hauna budi kuyabeba yote mawili.

Tena dhuluma haina mpaka. Katika kambi zao za Iraq na Afghanistan, Wamarekani walichimba mashimo makubwa wakachomea humo taka za kila namna, plastiki, betri na taka za hospitali. Askari waliovuta moshi ule walirudi na maradhi ya mapafu na saratani, na kwa miaka mingi walitakiwa kila mmoja athibitishe kuwa moshi ndio sababu. Sheria iliyowaondolea mzigo huo ilitiwa saini tarehe 10 Agosti 2022. Kabla yao, wale wa Vietnam, ambako sumu ya kukausha misitu ilinyunyizwa tangu 1962 hadi 1971, walingoja sheria yao hadi 1991. Na Mwiraqi aliyeishi jirani na moshi huo huo? Sheria ile haimtaji. Imepokewa kuwa Umar (r.a.) alihofia kuulizwa hata juu ya mnyama atakayejikwaa katika njia za Iraq. Waliowasha moto ule wataulizwa juu ya wanadamu.

NA SISI JE?

Kabla hatujanyanyua kidole, tujitazame. Sisi walimu wa madrasa tuna daftari la mahudhurio. Mfadhili akitarajiwa kuja, ni wangapi kati yetu wameandika wanafunzi 80 ilhali mikekani wameketi 50? Kamati ya msikiti ina orodha ya wanaostahiki zaka. Je, mjane wa mtaa wa nyuma yumo, au wamo jamaa za wanakamati? Na wenye zahanati zetu za Kiislamu, je, wanajua mgonjwa hukaa saa ngapi kwenye benchi, au wanajua tu kilichoandikwa?

Tunapendekeza jambo dogo. Kila msikiti uteue watu wawili wasio wanakamati, wasiolipwa chochote, wapite majumbani mara moja kwa mwezi na orodha mkononi, waulize: umepata? Ulingoja muda gani? Nani hakuandikwa? Kisha wasome matokeo mbele ya jamaa baada ya sala ya Ijumaa, yawe matamu au machungu.

Kuna daftari moja ambalo halina karani wa kulipindua. Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie tufike mbele yake mizani zetu zikiwa sawa, awape shifaa wagonjwa wote, na awarehemu waliokufa wakingoja.

Wabillahi tawfiq.