Timu Si Orodha ya Wachezaji

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na kimya hicho kina sababu. Nilikuwa nikipambana na kandanda. Si uwanjani, la hasha, bali kwenye tarakilishi.

Nimekuwa nikiandika mchezo mdogo wa kuiga ligi yetu ya Kenya. Unachagua timu, unanunua na kuuza wachezaji, kisha programu inacheza mechi zote za msimu na kukutolea jedwali. Nilianzia msimu wa 2015, wenye timu 16, kwa sababu huo ndio msimu ambao Gor Mahia ilitwaa ubingwa bila kushindwa hata mechi moja. Mjomba wangu ni shabiki wa Gor wa tangu zamani, na nilikuwa nimemwahidi kwamba yeye ndiye atakayeujaribu kwanza.

Sasa, mstari wa kwanza wa msimbo wangu ulikuwa huu:

class Timu extends ArrayList<Mchezaji>

Kwa wasiojua Java, maana yake ni kwamba Timu inarithi kila kitu kutoka kwa orodha. Kwa haraka haraka ni jambo la busara. Timu ni nini kama si kundi la wachezaji? Orodha tayari ipo, inajua kuongeza, kuondoa na kuhesabu. Kwa nini nijisumbue kuandika upya? Nikajipongeza, nikaenda kunywa chai.

Maoni yangu leo ni kwamba mstari huo ni uongo, na uongo kwenye msimbo hulipwa kwa riba.

Onyo la kwanza nililipata siku ile ile. Niliziunda timu zote 16 zikiwa tupu, nikaziweka kwenye HashMap ya pointi, nikidhani wachezaji nitawaongeza baadaye. Jedwali likatoka na timu moja tu! Nilikuna kichwa nusu saa kabla ya kuelewa. Katika Java, orodha mbili huhesabiwa kuwa sawa kama vilivyomo ndani ni sawa. Gor Mahia isiyo na wachezaji na AFC Leopards isiyo na wachezaji ni orodha tupu mbili, kwa hiyo ni kitu kimoja. Jaribu kumweleza hilo shabiki yeyote wa Ingwe, kisha unipigie simu ukiwa hospitalini.

Badala ya kulitii onyo, nikaliziba. Nikawaongeza wachezaji kwanza, ndipo nikaziweka timu kwenye jedwali. Mambo yakaenda sawa, au niseme yalionekana kwenda sawa.

Jumamosi mjomba akaja. Akachagua Gor, bila shaka. Akacheza hadi katikati ya msimu akiwa kileleni, pointi 34, anatabasamu. Kisha akaamua kumuuza mshambuliaji mmoja aliyekuwa akimkera. Akabonyeza kitufe, akarudi kwenye jedwali. Gor Mahia: pointi 0.

"Kijana," akaniuliza, "hizi pointi zangu nazo nimeziuza?"

Sikuwa na jibu. Tukacheza mechi iliyofuata, Gor ikashinda, ikapata pointi 3. Nilipochapisha HashMap yote nikaona Gor Mahia imo mara mbili, moja ikiwa na pointi 34 na nyingine ikiwa na 3.

Sababu ni hii. HashMap hutafuta kitu kwa namba inayokokotolewa kutoka kwenye kitu chenyewe. Namba ya orodha hukokotolewa kutoka kwa vilivyomo. Ukimwondoa mchezaji mmoja, namba inabadilika, na programu inapoitafuta timu haiioni tena. Kwa macho ya programu yangu, Gor iliyomuuza mshambuliaji si Gor tena, ni timu mpya isiyo na pointi wala historia.

Mjomba alicheka, halafu akasema neno ambalo lingenisaidia sana kama ningelisikia miezi mitatu mapema: "Hata wakiuzwa wote, Gor ni Gor."

Na kweli. Tazameni mambo yalivyo. Michael Olunga alifunga mabao 19 katika ligi ile ya 2015, na mwanzoni mwa 2016 akaenda Djurgården ya Uswidi. Msimu wa 2016 Tusker wakachukua ubingwa. Je, kuna anayesema ubingwa wa 2015 uliondoka na Olunga? Kombe la Washindi la Afrika la 1987, lile ambalo Gor ilitoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis na 1-1 hapa Nairobi ikashinda kwa mabao ya ugenini, ni la nani? Waliolicheza walistaafu zamani, lakini kombe bado ni la Gor.

Hata jina halitoshi kuitambulisha timu. AFC Leopards ilianza mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya, na jina la sasa likaja mwaka 1980. Programu inayoitambua timu kwa jina lake itakata historia ya Ingwe vipande viwili. Timu inahitaji utambulisho wake yenyewe, namba isiyobadilika hata wakibadilika wachezaji, kocha, jina na jezi.

Basi nilibomoa nikajenga upya. Sasa Timu hairithi chochote. Ina utambulisho, ina jina, na wachezaji wake wanapatikana kupitia kitu cha tatu nilichokiita Usajili: mchezaji fulani, timu fulani, tangu tarehe hii hadi tarehe ile. Ukitaka kujua nani alikuwa Gor siku fulani, unaiuliza timu kwa kuitajia tarehe. Kumuuza mchezaji si kumfuta tena, ni kuandika tarehe ya mwisho ya usajili wake. Mabao yake ya zamani yanabaki pale yalipofungwa.

Hapo nikagundua kwamba hata hiyo orodha niliyoing'ang'ania haikuwa moja. Kuna waliosajiliwa. Kuna kikosi cha siku, 11 na wa akiba. Halafu kuna walioko uwanjani dakika hii, ambao wanaweza kuwa 10 baada ya kadi nyekundu, na wakishuka chini ya 7 sheria hairuhusu mechi kuendelea. Kila moja ina masharti yake. ArrayList haina sharti lolote. Ingekubali makipa watano, ingekubali mchezaji mmoja aandikwe mara mbili, na ingekubali Collections.reverse(gorMahia) kama ningeipa nafasi. Timu hugeuzwaje nyuma mbele?

Kosa la orodha lilikuwa limeharibu hata mechi zenyewe. Kwa kuwa timu ilikuwa orodha, nguvu yake niliipata kwa kujumlisha alama za wachezaji. Matokeo yake timu bora kuliko zote ilikuwa yenye washambuliaji 11 na bila kipa! Nimeacha hayo na kufuata njia ambayo Maher aliieleza mwaka 1982: kila upande una nguvu ya kushambulia na nguvu ya kulinda, ukiziweka pamoja na za mpinzani unapata wastani wa mabao yanayotarajiwa, kisha unapiga bahati nasibu kwa kanuni ya Poisson. Kwa mfano, upande unaotarajiwa mabao 1.4 una nafasi ya takriban asilimia 25 ya kutofunga kabisa, 35 ya kufunga moja na 24 ya kufunga mawili. Ndiyo maana timu ndogo huweza kumtoa jasho bingwa, jinsi tunavyoona Jumapili.

Nguvu hizo hazikai kwenye Timu. Zinatokana na kikosi cha siku, kwa sababu ndicho kinachocheza. Faida ya kuwa nyumbani nayo inakaa kwenye Mechi. Gor na Leopards wakikutana Nyayo, nani yuko ugenini?

Najua kuna watakaosema, "Bwana, huu ni mchezo tu, unaupa uzito wa benki." Nawaelewa. Kama unaiga mechi moja, dakika 90 kisha kila kitu kinafutwa, tumia orodha na ulale usingizi. Sina ugomvi nawe. Lakini pale tu unapoweka muda ndani ya programu, yaani msimu wa pili, uhamisho, rekodi, orodha itakuangusha. Wala si kandanda pekee. Chama cha akiba si orodha ya wanachama. Shule si orodha ya wanafunzi. Mwanachama akijitoa, deni la chama halijitoi pamoja naye. Nimeona watu wakiandika mifumo ya namna hiyo kama nilivyoandika mimi, na huko kinachopotea si pointi za mchezo, ni pesa za watu.

Siku hizi, kabla ya kuandika extends, huwa najiuliza swali moja: nikiwaondoa wote waliomo, kuna kitu kinabaki? Kama hakuna, ni orodha. Kama kinabaki jina, madeni, makombe na watu wanaolia kikishindwa, basi si orodha.

Mjomba amerudi juzi. Amemuuza yule mshambuliaji tena, kwa makusudi, akakimbilia jedwali. Pointi 34 zipo. Bado analalamika kwamba Tusker wanamfunga kupita kiasi, lakini hilo ni la Poisson.

Nanyi wenzangu mnaoandika programu, timu mngeiandikaje? Kama kuna njia nyepesi zaidi, nifundisheni.