TWALIPIWA SANDUKU, HATULIPIWI SIKU ZA KUUGUZA



Hospitali ikishindwa na ugonjwa husema, "Mpelekeni nyumbani." Watu wengi hudhani hapo gharama zimekwisha. La! Zimehama tu, kutoka karatasi ya hospitali mpaka mfuko wa mfanyakazi.

Hesabuni wenyewe. Mgonjwa wa kansa asiyeweza kuinuka ataka dawa ya maumivu, nepi, sabuni, uji wa maziwa, mkaa wa maji moto, na gari la kumpeleka kliniki. Tena ataka mtu wa kumgeuza usiku na mchana asipate vidonda. Mtu huyo mara nyingi ni mke au binti, naye huacha kazi yake au kibanda chake cha mboga. Mapato yake yaliyopotea hakuna anayeyaandika, lakini nyumba nzima yayajua.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yatupa angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Hizo ni za mfanyakazi akiugua mwenyewe. Za kumuuguza mama anayekufa hakuna hata moja. Mtu hula siku zake 21 za likizo, na zikiisha, achague: mshahara au mama.

Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii. Mwenye shs. 20,000 hutoa shs. 550 kila mwezi. Fedha hizo hazimlipi anayekesha kando ya kitanda.

Waajiri hutuambia hilo ni shauri la nyumbani. Kumtunza mzazi ni wajibu wetu, wala hatuukimbii. Lakini mbona mapatano mengi yataja sanduku, gari la maiti na siku za mazishi? Twapewa ruhusa ya kumzika mtu, hatupewi ruhusa ya kumnywesha maji angali hai!

Kwa hiyo twasema: katika mapatano yajayo, wajumbe wetu wadai siku za kuuguza zenye mshahara, mbali na likizo ya mwaka, wala mtu asipoteze kazi kwa sababu ya kumuuguza wa nyumbani kwake. Kila aliyepatwa na jambo hili na amweleze mjumbe wa chama mahali pake pa kazi, ili tuingie mezani na ushahidi, si manung'uniko.

Umoja ni nguvu.