"Ya kusomwa tu" si "isiyobadilika"

Haya jamani, tuliseme tena, maana kosa hili halichoki. Mtu ana orodha yake, anaifunika kwa Collections.unmodifiableList, anampa mwenzake, kisha anajigamba: "Hii haibadiliki." Uongo! Umemfunga mikono aliyepokea tu. Wewe mwenye orodha ya asili bado unaongeza na kufuta, na mwenzako anaona vitu vikigeuka mbele ya macho yake. Umempa dirisha, hukumpa nakala.

Sisi Wakenya hatuna udhuru wa kutoelewa tofauti hii. Tarehe 28 Agosti 2017 Mahakama ya Juu iliamuru IEBC iwape walalamishi ruhusa ya kusoma tu kwenye seva zake. Ruhusa hiyo inamzuia nani? Mgeni. Mwenye seva haimgusi hata kidogo. Ndiyo maana mahakama ilitaka pia rekodi za walioingia kwenye mfumo. Amri haikutekelezwa kikamilifu, na tarehe 1 Septemba uchaguzi wa urais ukabatilishwa.

Sasa linganisha na Fomu 34A. Katika kituo cha kura kule Chewele, Tana River, kama kwingineko, msimamizi anajaza hesabu, anatia sahihi pamoja na mawakala, mawakala wanapewa nakala na nyingine inabandikwa mlangoni. Atakayegeuza namba Nairobi atakutana na karatasi ya Chewele. Mwaka 2022 IEBC ilipoweka picha za fomu hizo mtandaoni, yeyote aliweza kujijumlishia.

Kwenye Java, fomu hiyo inaitwa List.copyOf, ipo tangu Java 10 ya mwaka 2018. Kotlin ndiyo inanikera zaidi: imeita List kitu cha kusomwa tu, na vijana wanaamini kimeganda.

"Lakini kunakili kunakula kumbukumbu!" Ukiipa List.copyOf orodha ambayo tayari haibadiliki, kwa kawaida hainakili tena. Na kumbukumbu ni rahisi kuliko kukesha ukisaka nani kageuza namba. Kweli, copyOf inalinda orodha, hailindi vitu vilivyomo. Basi navyo vifanye visibadilike!

Ukigawa orodha, gawa nakala. Anayekuambia "niamini, sitaigusa" amekupa ahadi. Ushahidi bado anao yeye.